Maisha ya Profesa Thomas Odhiambo, Bingwa wa Wadudu

Ukiwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu wakutajie wanasayansi mashuhuri, watakutajia Newton, Darwin na Einstein mpaka wachoke. Mkenya hatajwi hata mmoja, utadhani Mungu alituumba tuje duniani kukimbia mbio peke yake! Nilipoombwa na Chama chetu cha Kiswahili niandike juu ya maisha ya mtu maarufu aliyeaga dunia, wenzangu walidhani nitamwandikia Tom Mboya au Dedan Kimathi. Nimemchagua Profesa Thomas Risley Odhiambo. Sababu ni kwamba kazi yake ilinifungulia somo ambalo limetutoa jasho tangu kidato cha kwanza, yaani jinsi vitu vinavyopenya utando wa seli.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka wa 1931, wakati nchi yetu ilikuwa ingali koloni la Waingereza. Alisoma Chuo cha Makerere, Kampala, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wakienda kutafuta elimu ya juu siku hizo. Baadaye alifanya kazi huko huko Uganda, akachunguza wadudu wanaofyonza utomvu wa mimea na kuandika habari zao. Kiu ya elimu haikumtoka. Alivuka bahari hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwalimu wake huko alikuwa Vincent Wigglesworth, bingwa wa kueleza jinsi mwili wa mdudu unavyofanya kazi. Mwaka wa 1965 alipata shahada ya udaktari.

Kabla sijaendelea, hebu tuelewane kuhusu huu utando wenyewe. Kila seli, iwe ya sukuma wiki au ya binadamu, imezungukwa na utando mwembamba sana ambao umetengenezwa kwa tabaka mbili za mafuta. Kati ya mafuta hayo kuna protini ambazo ni kama milango na walinzi wake. Maji hupita. Ndiyo maana ukitia chumvi kwenye kachumbari, kabla ugali haujaiva utakuta bakuli limejaa maji. Maji hayo yametoka ndani ya seli za nyanya na kitunguu kuelekea nje kwenye chumvi nyingi. Oksijeni nayo hupenya bila kuuliza mtu, kutoka mahali ilipo nyingi kwenda mahali ilipo chache. Sukari na chumvi haziwezi kupita kwenye mafuta zenyewe. Ni lazima zipitie kwenye protini. Na kama kitu kinatakiwa kitoke kilipo kichache kiende kilipo kingi, seli hulazimika kutumia nguvu, kama vile mtu anayesukuma mkokoteni kupanda mlima.

Jambo moja zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu Ernest Overton aligundua kwamba vitu vinavyoyeyuka katika mafuta huingia ndani ya seli kwa urahisi kuliko vingine. Shika hilo vizuri, kwa maana sasa tunawaendea nzige.

Nyuma ya ubongo wa nzige kuna tezi mbili ndogo mno. Odhiambo alizichunguza kwa hadubini ya elektroni, ambayo inaonyesha hata zile sehemu za ndani ya seli ambazo hadubini ya shuleni haiwezi kuzionyesha. Vile vile aliziondoa tezi hizo katika nzige wa kiume wa jangwani, kisha akaangalia litakalotokea. Wale nzige hawakukomaa kama wenzao. Mafuta yalirundikana miniini mwao badala ya kutumika, na wakawa wazembe, hawatembeitembei sana. Kumbe vitezi viwili hivyo vilikuwa vikiamrisha mwili mzima! Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1966.

Sasa wewe jiulize, tezi hiyo haina mfereji wala bomba. Amri yake inafikaje kwenye seli zilizo mbali, mpaka tumboni? Jibu ni ule utando. Homoni inayotengenezwa na tezi hizo ina asili ya mafuta. Haiwekwi ghalani. Ikishatengenezwa hupenya utando wa seli iliyoitengeneza na kuingia kwenye damu ya mdudu. Damu ina maji mengi, na mafuta na maji hayapatani, kwa hivyo hubebwa na protini maalumu mpaka inapohitajika. Hapo hupenya utando mwingine, na ndani ya seli hukutana na protini inayoipokea, kisha kazi inaanza. Katika tunutu, yaani nzige wachanga, homoni hiyo hiyo ndiyo huwazuia wasigeuke kuwa wakubwa kabla ya wakati wao.

Haya si mambo ya kupitia mtihani tu. Wanakemia walitengeneza dawa zinazoiga homoni hiyo, na mojawapo, metoprini, ilianza kutumiwa katika miaka ya 1970. Ikitiwa kwenye maji yenye viluwiluwi vya mbu, hupenya miilini mwao wakashindwa kukomaa. Mbu asiyekomaa hatakuuma wala kukuletea malaria.

Tumrudie Profesa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwaka ule ule wa 1965 alirudi nyumbani na kufundisha zuolojia katika chuo kikuu hapa Nairobi. Angeweza kubaki Ulaya kwenye maabara zenye kila kitu, lakini hakubaki. Mwaka wa 1967 aliandika makala katika jarida la Marekani liitwalo Science, akieleza kwamba Afrika Mashariki inahitaji vituo vyake vya utafiti wa hali ya juu. Wengi huandika, kisha karatasi zikaliwa na mende. Yeye aliitenda kazi. Mwaka wa 1970 kilianzishwa kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, ICIPE, naye akawa mkurugenzi wake wa kwanza.

Kituo hicho kilianzia Chiromo. Sisi wa Kangemi tukiwa kwenye matatu ya kwenda tauni kupitia Waiyaki Way, tunapita karibu na hapo baada ya Westlands, na wengi hawajui. Hapo ndipo Waafrika vijana walikaa na mabingwa kutoka nchi za mbali wakachunguza mbung'o, kupe, mchwa na viwavi. Baadaye makao makuu yalihamia Kasarani, na kituo kingine kikajengwa Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, karibu na wakulima wenyewe.

Mwaka wa 1985 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chuo cha Sayansi cha Afrika, muungano wa wanasayansi wa bara zima, akawa rais wake wa kwanza. Makao yake yakawa Karen. Mwaka wa 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya kupambana na njaa pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Aliongoza ICIPE hadi 1994, na mwaka wa 2003 akafariki, kabla mimi sijazaliwa.

Nzige walipovamia nchi yetu kuanzia mwisho wa mwaka 2019, watu wa kaskazini waliona malisho na mimea ikitafunwa mbele ya macho yao. Uvamizi kama ule ulikuwa haujaonekana Kenya kwa miaka 70. Lakini nchi ilikuwa na wataalamu wake wa wadudu, na kituo kilichokuwa kimefanya utafiti hata wa kuvu wanaopenya ngozi ya mdudu na kumwua. Hao hawakuota kama uyoga. Kuna mtu aliyewapandia mbegu miaka 50 kabla.

Ndiyo maana nasema somo la utando limo katika maisha yake. Elimu ikiachwa yenyewe haitoki kwa walio na kidogo ikaenda kwa walio na nyingi, isipokuwa wenye nguvu waivute, nao hutuvutia vijana wetu kila mwaka. Kuirudisha na kuikusanya hapa kwetu kunataka jasho na moyo, na Profesa Odhiambo alivitoa vyote viwili.

Wenzangu, wapo kati yetu wanaosema bayolojia ni ya shule kubwa zenye maabara, na kwamba sisi wa shule ya kutwa, wanafunzi kumi kwa hadubini moja, tunajisumbua bure. Mimi nakataa. Kiazi, chumvi na maji havikosi hata jikoni kwetu. Katia vipande, tumbukiza, pima, andika. Nzige wa kesho watahitaji mtu wa kuwachunguza, na sioni kwa nini asitoke Kangemi.