Askofu Muge na safari ya Busia iliyopima imani yake

JUMANNE, Agosti 14, 1990, Askofu Alexander Kipsang Muge wa Dayosisi ya Eldoret ya Kanisa la Kianglikana alishika njia kuelekea Busia, mji ulio mpakani mwa Kenya na Uganda. Haikuwa safari ndefu, lakini nchi nzima iliifuatilia kwa hofu.

Siku chache kabla, aliyekuwa Waziri wa Leba, Peter Okondo, alimwonya hadharani, pamoja na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, kwamba wakithubutu kukanyaga Busia wangeona cha mtema kuni, na huenda wasingetoka wakiwa hai. Wakati huo Wilaya ya Busia ilijumuisha pia nchi ya Wateso, hivyo marufuku hiyo ilihusu Chakol na Malaba sawa na mji wenyewe wa Busia.

Muge angeweza kubaki nyumbani bila kulaumiwa na yeyote. Badala yake alijibu kwamba angekwenda, na kwamba endapo angeuawa, damu yake isiyo na hatia ingemwandama waziri huyo.

Ujasiri huo haukuzuka siku moja. Muge, mzaliwa wa jamii ya Wanandi, alikuwa askari wa kikosi cha GSU kabla ya kuingia katika huduma ya kanisa. Aliifahamu nguvu ya dola kwa ndani. Alisomea theolojia, na mwaka 1983 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Eldoret.

Huko ndiko imani yake ilikokomaa, katika kazi za kila siku za uchungaji. Alipofahamu kwamba watu wa Pokot Magharibi walikuwa wakifa kwa njaa, alisema hivyo waziwazi, ijapokuwa wakubwa serikalini walikanusha. Alikemea unyakuzi wa ardhi, ufisadi na kura ya mlolongo, iliyowalazimu wananchi kupiga foleni nyuma ya wagombea mbele ya macho ya machifu. Kila mara alipotamka neno alijua gharama yake, na kila mara alimwachia Mungu yatakayofuata. Kwa hiyo onyo la Busia lilipokuja, lilimkuta mtu aliyekwisha kujizoeza kutii kwanza na kuogopa baadaye.

Busia alifika salama na kulakiwa na umati wa watu. Tishio lilionekana limepita. Lakini akiwa njiani kurudi Eldoret, gari lake liligongana na lori karibu na Kipkaren, naye akafariki dunia.

Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Dereva wa lori alishtakiwa na kufungwa. Hata hivyo, wengi hawakukubali kwamba ilikuwa ajali tu, hasa kwa kuwa miezi michache tu ilikuwa imepita tangu Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, auawe Februari mwaka huo huo. Miaka mingi baadaye, afisa wa zamani wa polisi aliiambia Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kwamba kifo cha askofu kilipangwa. Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa Kenya Desemba 1991; Muge hakuuona.

Ni rahisi kuwaambia waumini kwamba anayemtumaini Mungu hapatwi na baya. Maisha ya Muge hayaruhusu fundisho hilo. Aliomba, akaenda, akafika, lakini hakurudi. Kumtumaini Mungu hakukumpa hakikisho la barabara salama. Kulimpa sababu ya kutoiacha kazi yake kwa ajili ya kitisho cha mwanadamu, iwe ni kuwasemea wenye njaa Pokot au kwenda Busia.

Imani ya namna hiyo hujengwa kwa mambo madogo, siku baada ya siku, kabla ya siku kubwa kufika. Kwa Muge, siku hiyo ilipofika, ilimkuta tayari.