Charles Osborne, mukulima aliyeishi na kwikwi miaka 68

Huku Uvira, mutoto akishikwa na kwikwi anapewa maji ao anashtuliwa, na mambo yanaisha. Kwa Charles Osborne, mukulima wa muji mudogo wa Anthon, katika jimbo la Iowa, inchini Marekani, kwikwi ilianza munamo mwaka 1922 na haikusimama mupaka 1990. Kitabu cha Guinness kinamuandika kuwa mutu aliyeshikwa na kwikwi kwa muda murefu kuliko wote.

Siku hiyo alikuwa anapima nguruwe wa kilo karibu 160 kabla ya kumuchinja. Alimuinua, akaanguka. Hakusikia maumivu yoyote. Baadaye munganga alimueleza kwamba mushipa mudogo wa damu ulipasuka katika ubongo na kuharibu sehemu inayozuia kwikwi. Wengi kwetu wanazania kwikwi ni mambo ya tumbo tu. Lakini musuli unaotenganisha kifua na tumbo unapokaza kwa gafula na koo kufungika, amri inapitia kwenye shina la ubongo. Sehemu hiyo ikiumizwa na kiharusi, uvimbe ao ajali, kwikwi inaweza kukosa breki.

Miaka ya kwanza ilimupiga mara 40 kwa dakika, kiisha ikashuka karibu 20. Rafiki mumoja alifyatua bunduki nyuma ya mugongo wake: Osborne alishtuka, kwikwi ikabaki. Munganga mumoja aliweza kuisimamisha kwa kumuvutisha oksijeni pamoja na monoksidi ya kaboni, lakini hiyo ya pili ni sumu, ile ile ya moshi wa makala inayoua watu waliolala na mbabula ndani ya nyumba. Wakaiacha.

Akajifunza kupumua kati ya kwikwi na kwikwi ili sauti isisikike. Alioa mara mbili, akazaa watoto 8. Uzeeni chakula chake kilisagwa kwanza kwa mashini ndipo akimeze.

Klopromazini, dawa ambayo wanganga wengi wanaanza nayo, ilitengenezwa munamo mwisho wa 1950, wakati Osborne alikuwa amekwisha kupita miaka 28 na kwikwi. Kuna pia baklofeni. Klopromazini inaweza kushusha damu sana, kwa hiyo si ya kujinunulia tu kwenye farmasi. Kwikwi ikipita masaa 48, mugonjwa apelekwe hospitalini. Na kama kuna homa, haraka zaidi, sababu Ebola, iliyofika Mwenga huku kwetu Kivu Kusini munamo Agosti 2019, inaweza pia kuleta kwikwi.

Mwezi wa pili 1990, kwikwi ya Osborne ilikatika yenyewe, bila dawa wala bunduki. Alipata mwaka mumoja na miezi michache ya utulivu. Alikufa tarehe 1 Mei 1991, akiwa na miaka 97.