Alfred Binet, Mutu Aliyepima Akili ili Kusaidia Wanafunzi



Mara hii tumechagua kuwaelezea maisha ya mutu ambaye wengi wetu tunamusikia tu mu somo la pedagojia. Lakini kazi yake inatugusa sisi wote, zaidi sisi wa mwaka wa mwisho tunaongojea Examen d'État. Jina lake ni Alfred Binet.

Binet alizaliwa mwezi wa saba 1857 mu muji wa Nice, ambao siku zile haukuwa bado wa Ufaransa. Uliingia Ufaransa mu 1860. Baba yake alikuwa munganga, mama yake alikuwa muchoraji. Wazazi waliachana, mutoto akalelewa na mama. Alisoma Paris ku lise ya Louis-le-Grand, kisha akasoma sheria na kupata diploma mu 1878. Ile kazi hakuipenda. Akajaribu uganga, akaacha. Mutu angemuona siku zile angefikiri ni kijana asiyejua anachotaka. Kumbe alikuwa anashinda mu maktaba kubwa ya Paris, anajisomea saikolojia peke yake, bila mwalimu.

Kisha akaingia ku hospitali ya Salpêtrière, kwa munganga mashuhuri Charcot. Kule njo alianguka vibaya. Yeye na mwenzake Féré waliandika kama sumaku inaweza kuhamisha kupooza kutoka upande mumoja wa mwili wa mugonjwa kwenda upande mwingine, mugonjwa akiwa amelazwa usingizi wa hipnosi. Mubelgiji mumoja, Delbœuf wa Liège, akaonyesha kama sumaku haifanyi kitu: wale wagonjwa walikuwa wanafuata tu mambo ambayo waganga walitazamia. Ikabidi Binet akubali mbele ya watu kama alikosa. Ilikuwa haya kubwa, lakini ile haya ilimufundisha. Alijua sasa kama mutu anayepima akishatamani jibu fulani, atalipata, hata kama si la kweli.

Mu 1884 alioa Laure Balbiani, wakapata mabinti wawili, Madeleine na Alice. Baba aliwapa michezo midogo midogo ya kufikiri, akaandika yote aliyoona. Madeleine alikuwa mutulivu, anaangalia kitu kwa makini. Alice alikuwa mwepesi, mawazo yake yanaruka. Wote wawili walikuwa na akili, lakini kila mumoja kwa njia yake.

Mu 1891 Binet akaingia ku laboratwari ya Sorbonne, na mu 1894 akawa mukubwa wake. Alitamani kuwa profesa Paris, hakupata. Kwa muda alipima vichwa vya wanafunzi, akiamini kama kichwa kikubwa njo akili nyingi. Alipochunguza hesabu zake, aliona tofauti ni ndogo kabisa, tena mukono wake mwenyewe ulikuwa unafuata mawazo yake wakati wa kupima. Akaachana na ile njia.

Sasa tufike ku kazi iliyomupa jina. Tangu 1882 sheria ya Ufaransa ililazimisha kila mutoto kusoma. Madarasa yakajaa, na wengine hawakuweza kufuata. Mu 1904 serikali iliita tume kutafuta namna ya kuwafundisha, na Binet alikuwa ndani. Swali lilikuwa: tutajuaje nani anahitaji musaada? Mwalimu angeweza kutaja mutoto mwenye fujo, akamusahau yule aliyenyamaza nyuma. Waganga nao hawakupatana.

Basi mu 1905 Binet na munganga kijana Théodore Simon wakatunga vipimo 30, kutoka vyepesi mpaka vigumu. Cha kwanza kilikuwa kufuata kwa macho moto wa kiberiti. Mbele kulikuwa kutaja vitu vya mu picha, kurudilia namba, na kueleza tofauti ya vitu viwili. Maswali ni yale yale kwa watoto wote, yanaulizwa kwa namna ile ile. Mu 1908 wakayapanga kufuata miaka, tangu mutoto wa miaka 3 mpaka wa miaka 13.

Lakini kwa Binet, matokeo ya kipimo yalikuwa mwanzo wa kazi, hayakuwa mwisho. Mu 1905 pia alifungua laboratwari ndani ya masomo moja ya Paris, ku barabara ya Grange-aux-Belles, pamoja na mukubwa wa masomo, Victor Vaney. Walipima kusoma na hesabu ili kujua kila mutoto amechelewa miaka mingapi, na mu somo gani. Binet alitaka pia macho na masikio yachunguzwe, kwa maana mutoto asiyeona ubao anaitwa mujinga bure. Kwa wale waliochelewa alitunga mazoezi. Mwalimu anaonyesha vitu kwa nukta chache, anavificha, wanafunzi wanaandika walivyoona. Ao wanasimama kama sanamu bila kutikisika, ili kuzoea kutuliza mwili na mawazo. Mu kitabu chake cha 1909 aliwapinga kwa nguvu wale waliosema kama akili ya mutoto haiwezi kuongezeka.

Binet alikufa Paris tarehe 18 mwezi wa kumi 1911, akiwa na miaka 54. Vipimo vyake vilivuka bahari. Kule Marekani, Goddard na Terman walivichukua, lakini walifundisha kama akili ni urithi usiobadilika. Namba ikawa ya kutia watu alama, na wageni wengi walioingia Marekani walizarauliwa kwa sababu yake. Chombo kilichotungwa ili kusaidia kikawa chombo cha kufungia mulango.

Wandugu, juu ya nini tunayasema haya? Examen d'État iko mu inchi yetu tangu 1967, na bila kupata asilimia 50 hakuna diploma, wala chuo kikuu. Mu muhula uliopita tulifanya egzame ya kujipima. Matokeo yalibandikwa ku mulango, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Kila mumoja aliangalia asilimia yake na kwenda. Mwenzetu mumoja wa chini hakurudi mu darasa kwa wiki nzima. Sisi viongozi wa wanafunzi tulicheka kwanza, tunakubali kosa letu. Kisha tulimufuata kwao, tukaangalia naye makaratasi yake. Kumbe hesabu alizijua. Pointi zilipotea mu maswali marefu ya kusoma, kwa sababu anasoma Kifaransa polepole na saa inamupita. Asilimia haikusema vile. Makaratasi njo yalisema.

Termometa haiponyeshi homa, inamuambia tu munganga aanzie wapi. Njo maana tunaomba kila finalisti, wa juu na wa chini, alete makaratasi yake siku ya posho, nyuma ya chakula, mu darasa letu. Tutatafuta pamoja kila mumoja alipoteza wapi, na anayejua atakaa na asiyejua. Tunawaomba pia walimu watusaidie. Yule mwenzetu amerudi, na ameahidi kufundisha kikundi cha hesabu.

Doyen wa wanafunzi, kwa jina la finalisti wote