Naftali Temu: jamaa wa Nyamira aliyemwacha mfalme wa rekodi kwenye joto la Kingston

Kama ulisoma sekondari upande huu wa ziwa, unazijua mbio za saa sita mchana. Ratiba inasema mita 5,000 wavulana ni saa tatu asubuhi. Lakini mgeni rasmi amechelewa, halafu kuna maombi, halafu hotuba, halafu mwalimu wa michezo anatafuta kipaza sauti. Mkija kuitwa kwa mstari, jua limekusimamia kichwani kama mtu anakudai pesa. Upepo wa ziwani hakuna. Nyasi zimekauka na vumbi linaingia hadi kwa meno.

Mimi nilikimbia moja ya hizo. Shule siitaji. Mzunguko wa nane nikaanza kuona giza, nikaketi chini, na kilichofuata nikajipata chini ya mwembe nikimwagiwa maji na wasichana wa netiboli. Hadi leo kuna wasee Kondele wananiita jina la hiyo siku, na halichapishiki hapa.

Ndiyo maana nataka nikuambie kuhusu Naftali Temu. Ukitaja hilo jina kwa base yenu, wengi watakuuliza anachezea timu gani. Kipchoge Keino wanamjua, Eliud wanamjua, hata wale wa juzi juzi wanawajua. Temu? Kimya. Na huyu ndiye Mkenya wa kwanza kabisa kushinda dhahabu ya Olimpiki. Wa kwanza, kabla ya wote unaowajua.

Alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945. Watu wake ni wa Nyamira, kule Mugirango Kaskazini, milima ya chai na migomba ambako asubuhi unahitaji sweta. Usiniambie hiyo si kwetu. Wakati huo Kisii na Nyamira zote zilikuwa ndani ya mkoa wa Nyanza, na makao makuu ya mkoa yalikuwa hapa hapa Kisumu. Ukitoka Nyamira kushuka kuja ziwani unahisi hewa ikibadilika njiani: unaanza na baridi, unavua sweta, ukifika mjini shati limeshika mgongo. Kumbuka hiyo picha, tutairudia.

Temu alikuwa mwanajeshi. Siku hizo hakukuwa na kambi za Iten wala mameneja kutoka Ulaya. Kama ulikuwa na mbio miguuni na unataka kula, ulienda jeshi, polisi au magereza. Akiwa na miaka 19 alipelekwa Olimpiki ya Tokyo, 1964, Kenya ikiwa haijamaliza hata mwaka mmoja wa uhuru. Mambo hayakuenda poa. Mita 10,000 hakumaliza. Akaingia marathoni, akawa wa 49. Mkenya aliyerudi na medali ni Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, medali yetu ya kwanza ya Olimpiki. Kama kungekuwa na mitandao mwaka ule, Temu angechomwa vibaya sana. Ungekuwa umemwambia arudi kulima, usijifanye.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1966, wakaenda Kingston, Jamaica, kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hapa ndipo hadithi inanikamata.

Mbio zilikuwa maili sita. Hiyo ni mizunguko 24 ya uwanja wa zamani uliopimwa kwa yadi. Na kwenye mstari alikuwepo Ron Clarke wa Australia. Sasa elewa Clarke ni nani. Mwaka wa 1965 alikimbia mita 10,000 mjini Oslo kwa dakika 27 na sekunde 39, wakati hakuna binadamu mwingine aliyewahi kwenda chini ya dakika 28. Mwezi mmoja tu kabla ya Kingston alikuwa Stockholm akiweka rekodi ya dunia ya mita 5,000. Huyo jamaa alikuwa anavunja rekodi kama wewe unavyovunja bando.

Lakini Oslo na Stockholm ni miji ya hewa baridi. Kingston iko baharini, katikati ya Karibiani, na Agosti huko ni jua na unyevu. Na joto lina hesabu yake. Ukikimbia, misuli inatengeneza moto kama jiko la makaa. Njia kubwa ya mwili ya kuutoa huo moto ni jasho, na jasho halikupoi kwa kutoka tu, lazima likauke kwa ngozi. Hewa ikishajaa unyevu, jasho linadondoka bure. Wakati huo moyo umepewa kazi mbili kwa mpigo: kupeleka damu kwa misuli ili miguu iende, na kupeleka damu kwa ngozi ili mwili upoe. Damu ni ile ile. Kitu lazima kipungue, na mara nyingi kinachopungua ni kasi. Ukilazimisha, ni kichwa kinazima. Mimi ni shahidi.

Halafu huyu mtoto wa milima ya chai, asiye na rekodi ya dunia hata moja, anaanza kukimbia na Clarke kwenye hiyo oveni.

Temu alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 14. Clarke alikuja wa pili, dakika 27 na sekunde 39. Sekunde 25 ni nini? Kwa kasi ile ni zaidi ya mita 100 nyuma. Yaani Temu anakata utepe, anapumua, anageuka, na mfalme wa rekodi bado anakuja. Piga hesabu: mizunguko 24 kwa muda ule ni kama sekunde 68 kila mzunguko. Jaribu mmoja tu pale Moi Stadium saa saba mchana, halafu ujiambie bado 23.

Kwenye michezo hiyo hiyo Keino alishinda maili moja, na akamshinda Clarke tena kwenye maili tatu. Kwa hivyo ukisikia watu wakisema Wakenya walianza kutawala mbio ndefu Mexico, waambie wangalie Jamaica kwanza. Wengine wanapenda kusema ni mwinuko uliotubeba. Mexico, sawa, tubishane. Lakini Kingston iko usawa wa bahari. Pale hakukuwa na mlima wa kumsaidia mtu, kulikuwa na joto, na joto la milimani Nyamira hulipati hata ukilitafuta na tochi.

Mexico yenyewe ilikuja tarehe 13 Oktoba 1968. Jiji liko mita 2,240 juu ya bahari, hewa nyepesi. Fainali ya mita 10,000 ilianza polepole, kila mtu akiogopa mapafu yake. Keino alikuwemo, mgonjwa, maumivu ya nyongo yakimkata tumbo, na akaanguka kabla ya mwisho. Clarke alimaliza wa sita na kuzirai, akawekewa oksijeni pale pale chini. Mbele walibaki watu wachache, na kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Mamo Wolde wa Ethiopia akachomoka. Wengi wangekubali fedha hapo. Temu akamfuata taratibu, akamkaribia kwenye kona, na mita chache kabla ya utepe akampita. Tofauti ilikuwa chini ya sekunde moja. Dakika 29 na sekunde 27, Mohammed Gammoudi wa Tunisia akiwa wa tatu. Waafrika watatu, nafasi tatu.

Siku nne baadaye Temu alirudi kwenye mita 5,000 akachukua shaba, nyuma ya Gammoudi na Keino. Na kama hiyo haitoshi, akaingia pia marathoni, akawa wa 19, siku ambayo Wolde alilipiza na kushinda dhahabu. Mtu mmoja, fainali tatu ngumu, karibu wiki moja. Manze.

Baada ya hapo mwili ukaanza kukataa. Munich 1972 hakupita mchujo wa mita 10,000, na mwaka uliofuata akaacha mbio. Alikuwa na miaka 28, umri ambao wakimbiaji wa leo ndio kwanza wanasaini mikataba mikubwa.

Pesa? Sahau. Sheria za wakati huo zilikataza mwanariadha kulipwa kwa kukimbia. Dhahabu ya Olimpiki ilikuwa kipande cha chuma na kupigiwa makofi. Serikali ilimpa shamba huko Mugirango Kaskazini, na Mzee Temu akarudi kuishi huko na familia yake, kijijini, miaka thelathini. Katika hiyo miaka Kenya ilizaa mabingwa juu ya mabingwa, mbio zikaanza kulipa kwa dola, magari yakanunuliwa, majumba yakajengwa Eldoret. Aliyefungua mlango alikuwa shambani.

Aliugua saratani ya tezi dume, na akafariki Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, tarehe 10 Machi 2003, akiwa na miaka 57. Wengi wenu mnaosoma hii mlikuwa bado hamjaanza shule, au hamjazaliwa. Wiki kama mbili zijazo kuna mashindano ya shule tena hapa Kisumu, na nina hakika wavulana wa mita 5,000 watasimama kwa mstari saa sita kamili, jua likiwa utosini, wakimngoja mgeni rasmi. Nitakuwa pale karibu na mwembe, na jerikeni ya maji.