Geoffrey Griffin: Aliyewapa vijana wa mitaani mpira na tarumbeta kabla ya kitabu

Swali la nini cha kumpa kijana wa mjini baada ya kengele ya mwisho ya shule husikika mara kwa mara Garissa, Wajir na Mandera, kila yanapozungumzwa maisha ya chipukizi wa Kaskazini Mashariki. Nairobi ililikabili swali hilo hilo katika miaka ya 1950, tena katika hali ya dhiki kuu. Miongoni mwa waliolivalia njuga, jina linalotajwa kwanza ni la Geoffrey William Griffin, mzungu mzaliwa wa Kenya ambaye umri wake wakati huo haukuwapita sana wavulana aliowashughulikia.

Griffin alizaliwa Eldoret mnamo Juni 1933. Alisomea Shule ya Prince of Wales, ambayo leo ni Shule ya Nairobi, akaiacha akiwa bado barubaru na kuajiriwa katika idara ya upimaji ardhi. Hali ya hatari ilipotangazwa mnamo Oktoba 1952, aliingia jeshini, akawa afisa wa kikosi cha King's African Rifles. Aliyoyashuhudia katika vita dhidi ya Mau Mau yalimsumbua dhamiri, na muda wake wa utumishi ulipomalizika alikataa kuuongeza.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imejitwika mzigo mwingine. Katika msako mkubwa wa Aprili 1954 jijini Nairobi, maelfu ya wanaume walikamatwa na kupelekwa kambini. Wavulana nao walizolewa kwenye msako huo, na wengine wakabaki barabarani bila baba wala mlezi. Huko Manyani, karibu na Tsavo, vijana wasiotimiza miaka 18 walifungiwa pamoja na watu wazima. Griffin alikuwa miongoni mwa maafisa waliowatenga vijana hao, na kuanzia 1955 zaidi ya elfu moja kati yao wakahamishiwa Wamumu, katika nyanda za Mwea.

Wamumu ndiko alikojifunza kazi yake. Vijana walifundishwa kusoma, useremala, uashi na ushonaji, lakini kilichoibadili kambi ni mambo ambayo wakuu wengi wa magereza wangeyaita anasa: kandanda, riadha, uskauti, nyimbo na bendi. Kijana aliyekuwa nambari tu katika daftari la mahabusu alijikuta ni mlinzi wa lango katika timu, au mpiga ngoma ambaye wenzake hawangeweza kuondoka uwanjani bila yeye. Cheo hicho kidogo kilimrejeshea jina.

Haifai, hata hivyo, kuisimulia Wamumu kana kwamba ilikuwa kisiwa. Kambi hiyo ilikuwa sehemu ya mfumo mkubwa wa vizuizi uliojaa mateso, na wakoloni waliionyesha kwa wageni wapate kufunika yaliyokuwa yakitendeka kwingineko. Wanahistoria wamelieleza hilo kwa kirefu. Wema wa Griffin kwa wavulana wake haufuti ukweli huo, ingawa ukweli huo nao haufuti ujuzi ambao baadhi ya wavulana waliondoka nao.

Baadaye alipewa wadhifa wa kusimamia shughuli za vijana katika koloni nzima. Vilabu vya vijana vikaenea vijijini na katika mitaa ya miji, vikitoa michezo, kazi za mikono na masomo mepesi kwa watoto wasio na nafasi shuleni. Katika vilabu vya Nairobi dosari moja ilijitokeza mapema. Mvulana angeweza kucheza ndondi alasiri nzima akifurahi, kisha giza likiingia arudi kulala kwenye kibaraza cha duka, tumbo likiwa tupu. Mchezo ulimvuta kijana, lakini haukuwa na mahali pa kumlaza.

Ndipo ilipozaliwa Starehe. Mnamo Novemba 1959, Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo walianza na vibanda viwili vya mabati, msaada wa kampuni za mafuta za Shell na BP, katika eneo linalopakana na Kariokor na Pumwani. Gikubu mwenyewe alikuwa amepitia kizuizini ujanani. Chakula na malazi vilikuja kwanza. Madarasa yakafuata, hadi kituo kikawa shule ya upili inayoongoza nchini katika mitihani. Bendi haikuachwa nyuma, na tarumbeta za Starehe zikawa sauti inayojulikana katika hafla za kitaifa. Kila wiki wanafunzi walikaa barazani na kumuuliza mkurugenzi maswali bila kuogopa kuadhibiwa, jambo ambalo shule nyingi za enzi hizo zisingethubutu.

Juhudi hizo zote zilikuwa na mpaka. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa imefungwa kwa sheria za 1926 na 1934, na mgeni hakuingia bila kibali. Ukoloni ulipofikia tamati, vita vya Shifta vilikuwa vimeanza, na amri ya hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa Kaskazini Mashariki hadi 1991. Vuguvugu la vilabu, lililonawiri zaidi katikati ya nchi, halikupata udongo wa kuota huko. Kijana wa Garissa ilimbidi asafiri kuifuata fursa ambayo kijana wa Pumwani aliipata mlangoni pake.

Fursa hiyo ilikuja kwa njia mbili, na zote zilipitia mikononi mwa Griffin. Starehe ilichagua wanafunzi kutoka wilaya zote, na wengi wa waliotoka jamaa maskini hawakutozwa karo. Nayo Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambayo Mzee Jomo Kenyatta alimkabidhi mnamo 1964, iliwaleta pamoja vijana wa kila kabila. Walivaa sare moja, wakajifunza ufundi na kujenga barabara, zikiwamo zile za nchi kame za kaskazini. Griffin aliiongoza hadi 1988, huku akiendelea kuwa mkurugenzi wa Starehe. Ni vigumu kueleza alipata wapi saa za kulala.

Katika miaka yake ya mwisho alishughulikia pengo alilokuwa ameliacha wazi tangu 1959: wasichana. Kituo cha Wasichana cha Starehe kilifungua milango mwanzoni mwa 2005. Griffin alifariki Juni 28 mwaka huo huo, akiwa na miaka 72, akazikwa katika uwanja wa shule.