Selim Bey Aliyefia Njiani

Juzi nilikuwa Meru, kisha Embu, na barazani kwa Wanubi jina la Selim Bey halikukosa kutajwa. Marehemu alikuwa afisa wa Kisudani katika jeshi la Misri, chini ya Emin Pasha. Emin alipoondoka na Stanley mwaka 1889, Selim alibaki kwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, na askari wake, wanawake na watoto. Mwaka 1891 Lugard akamtaka aje Uganda kuwalinda Waingereza. Selim alikubali kwa sharti kwamba Khedivu wa Misri atoe idhini. Alikuwa mtu wa ahadi.

Mwaka 1893 alimwonya Macdonald asiwapige Waislamu wa Buganda. Kwa neno hilo tu akahesabiwa mwasi, akafungwa, akatolewa apelekwe pwani hali mgonjwa. Huku kwetu hakufika. Alifia Naivasha, Mungu amrehemu.

Askari wake waliingia Keya, na vizazi vyao ni katika Wanubi wa Kenya. Kwa miaka mingi mjukuu akiomba kitambulisho aliitwa mbele ya kamati, akadaiwa hati za babu. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewadhulumu watoto wa Kinubi. Kijana niliyekaa naye Meru aliitwa mara tatu, akarudi mikono mitupu.