Stanley: Mwanahabari aliyechora ufuo wa Nyanza kutoka mashuani

KENYA na Uganda zilipozozana mwaka 2009 kuhusu Migingo, kisiwa kisichotimia ekari moja katika maji ya Migori, pande zote mbili zilikimbilia ramani za zamani. Hoja kuu ilikuwa amri ya mwaka 1926 ya mipaka ya Koloni la Kenya, inayotaja kisiwa jirani cha Pyramid. Lakini anayezifuata ramani hizo hadi kwa Mzungu wa kwanza kulizunguka ziwa lote na kulichora atamkuta mtu anayefahamika zaidi kwa mambo mengine: Henry Morton Stanley.

Alizaliwa Januari 28, 1841 mjini Denbigh, Wales, akaitwa John Rowlands. Mamaye hakumlea, alikulia katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Mwaka 1859 aliwasili New Orleans, akabadili jina, kisha akapigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwanza upande wa Kusini na, baada ya kutekwa, upande wa Kaskazini. Gazeti la New York Herald lilimtuma kumtafuta David Livingstone, akampata Ujiji mwaka 1871. Hayo yamefundishwa shuleni hata yakachosha.

Safari inayotuhusu sisi ni iliyofuata. Novemba 17, 1874 aliondoka Bagamoyo, wapagazi wakiwa wamebeba vipande vya mashua ya futi 40. Aliiita Lady Alice, kwa heshima ya mchumba wake Mmarekani (ambaye, Stanley angali safarini, aliolewa na mwingine). Alitaka kumaliza ubishi. John Hanning Speke, aliyefika kusini mwa ziwa mwaka 1858, alishikilia kwamba hilo ni ziwa moja kubwa. Richard Burton alidai ni maziwa kadhaa.

Machi 8, 1875 mashua iling'oa nanga Kageyi, karibu na Mwanza, ikashika njia ya mashariki. Makasia yalivutwa na wanamaji wake Waafrika chini ya nahodha Wadi Safeni, watu ambao bila wao pasingechorwa hata mstari mmoja. Walipita Muhuru, Karungu, kisha visiwa vya Mfangano na Rusinga. Stanley alipima kwa dira na sekstanti, akaandika majina kadiri sikio lake lilivyoyanasa. Sehemu ya ufuo huu aliiita Ugeyeya. Aliiona nchi kutoka majini. Nani alilima wapi, na ukoo upi uliishia wapi, hayo hayakuwa katika hesabu zake.

Mei 6 alirejea Kageyi. Ziwa lilikuwa moja, na Speke, aliyefariki mwaka 1864, hakuwepo kusikia. Wenyeji wa kisiwa cha Bumbire walikuwa wamemshambulia njiani; Agosti alirudi na bunduki, akaua makumi ya watu. Hata London wapo waliomshutumu hadharani.

Kitabu chake cha mwaka 1878, Through the Dark Continent, kilitoka na ramani kubwa za kukunjwa, ambazo wakusanyaji wa vitu vya kale huzitafuta hadi leo. Kwetu thamani yake ni nyingine. Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi mwaka 1886, mstari wao uliishia pale latitudo ya digrii 1 kusini inapokutana na ufuo wa mashariki. Mwaka 1890 ukavushwa ziwani. Wakati huo ufuo huo ulikuwa bado haujapimwa kikamilifu. Kazi hiyo ilianzwa na Kamanda B. Whitehouse mwaka 1899, upande wa kaskazini, na mwaka 1903 akapima kusini. Alikuta visiwa na ghuba nyingi ambazo ramani za awali hazikuwa nazo, na vingine vilivyochorwa ikabidi vifutwe. Ramani ikarekebishwa. Mpaka haukurekebishwa: Wakuria wa Isebania na wenzao wa Sirari walibaki wametenganishwa.

Stanley mwenyewe alikwenda kumtumikia Mfalme Leopold kule Kongo, kazi iliyolichafua jina lake kuliko zote, kisha akawa mbunge mwaka 1895. Alifariki London Mei 10, 1904. Alitaka kuzikwa Westminster Abbey kando ya Livingstone. Mkuu wa kanisa hilo akakataa. Amelala Pirbright, chini ya jiwe lililochongwa jina alilopewa Kongo, Bula Matari, yaani mvunja mawe.